Usiizike Mashine Ingali Hai

Kuna kompyuta nyingi Ngara na Biharamulo zilizohukumiwa kufa bila kosa. Ziko juu ya makabati katika ofisi za vijiji, ziko kwenye stoo za shule, ziko uvunguni mwa vitanda vya walimu walionunua kwa mkopo na kuendelea kulipa mkopo huo hata baada ya mashine kuwekwa kando. Ukiuliza habari zake, jibu ni lile lile: "Hiyo imechoka." Ukiiwasha asubuhi, unaweza kuchemsha chai ukanywa, ndipo ikuruhusu kufungua faili. Ukiandika neno, herufi zinakuja moja moja kwa kusitasita. Mwenye nayo keshakata tamaa. Anasubiri siku atakayopata mpya, na kwa ada za watoto, kodi ya nyumba na michango ya misiba, siku hiyo haiko mwaka huu, na huenda mwakani isiwepo pia.

Nimeandika makala haya kuipinga hukumu hiyo. Kompyuta mpakato ya miaka minane au kumi, ikiwa bado inawaka, kioo chake ni kizima na kibodi yake inajibu, ina nguvu za kutosha kuandaa mitihani ya darasa, kutunza hesabu za chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, kuandika mihtasari ya mikutano ya kijiji na kujaza fomu za serikali mtandaoni. Kinachoifanya itambae mara nyingi ni kitu kimoja au viwili, navyo vinaonekana na vinabadilishika. Wewe unayesoma unaweza kuvibaini leo hii kabla jua halijazama.

Nasema na watu wa wilaya hizi mbili kwa sababu. Mtu wa Dar es Salaam mashine ikimkwamisha, anapanda daladala hadi Kariakoo. Wewe uko Rulenge, au Nyakahura, na Bukoba, makao makuu ya mkoa, ni safari ya kujipanga. Vifaa vingi huagizwa Kahama au Mwanza na kusafiri kama mzigo wa basi. Wakati huohuo shughuli za serikali zimehamia mtandaoni bila kuuliza nani anaishi mbali. Mtumishi wa umma anapimwa utendaji wake kupitia PEPMIS na anaomba likizo kupitia ESS. Shule na zahanati zinaandika mapato na matumizi kwenye FFARS. Anayetaka kuiuzia halmashauri madawati au saruji anapita NeST, mfumo uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa chuo kwa mtandao. Simu inasaidia, na vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu vinasaidia pia, lakini aliyewahi kuandaa mtihani wenye majedwali na michoro kwenye kioo cha kishikwambi anajua kwa nini kibodi bado inatafutwa. Mashine nzito inakula saa za maisha yako, na saa hizo hakuna atakayekulipa.

Nchi yetu imetoka mbali katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali hiyohiyo ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na watu wengi wa kizazi kile walifanya kazi hadi kustaafu bila kuigusa hata moja. Leo mashine tunayo, imo ndani ya nyumba, kisha tunaifunika kitambaa kwa sababu tumeamini kwamba kuifungua ni kazi ya watu wengine. Hii ni marufuku tuliyojiwekea wenyewe. Tuiondoe.

Anza kwa kuiuliza mashine yenyewe inaumwa nini. Iwashe, iache kama dakika kumi bila kufungua chochote, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha la Task Manager, na humo utaona asilimia za vitu vitatu: CPU, yaani prosesa, Memory, yaani RAM, na Disk. Kama Disk imeganda kwenye 100 ilhali wewe hufanyi kitu, tatizo lako ni diski. Kama Memory inapanda hadi 90 ukifungua kurasa tatu za intaneti, RAM ni ndogo. Kama CPU ndiyo iliyo juu, soma jina la programu iliyo kileleni mwa orodha, halafu gusa chini ya mashine. Ikiwa inaunguza mkono, vumbi limeziba njia ya hewa. Namba hizo tatu zitakuokoa na fundi yeyote anayetaka kukuuzia usichohitaji.

Kwa kompyuta nyingi za miaka minane au kumi, kidole kitaelekea kwenye diski, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Diski ya zamani, inayoitwa HDD, ina sahani inayozunguka na mkono unaosoma juu yake. Diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja unachukua takriban milisekunde 11. Kila kipande cha data kinapotakiwa, mkono unasogea, kisha unasubiri sahani ikizungushe kipande hicho hadi chini yake. Kwa sekunde moja diski ya namna hii hufikia vipande mia moja hivi vilivyotawanyika, na Windows wakati wa kuwaka inadai maelfu kwa maelfu. Prosesa yako haijachoka hata kidogo, imekaa inangoja. Ni sawa na mamantilie mwenye jiko linalowaka vizuri, ambaye maji anayaletewa kutoka kisimani kikombe kimoja kimoja.

Diski ya kisasa, inayoitwa SSD, haina sahani wala mkono. Data imo ndani ya vipande vya elektroniki, na hata ile ya bei ya chini hufikia makumi ya maelfu ya vipande kwa sekunde moja. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika kadhaa huanza kuwaka kwa sekunde. Nimeona watu wazima wakicheka kwa furaha mbele ya kompyuta waliyokuwa wakiilaani kwa miaka, na sijui kitu kingine unachoweza kuifanyia mashine kuukuu kikaleta tofauti kubwa namna hiyo kwa fedha hiyo. SSD ya GB 240 au 256 inamtosha mwalimu, karani na mwanafunzi, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Kama una fedha za jambo moja tu mwaka huu, ziweke hapo.

Kuna sababu nyingine ya kwetu sisi, na mjini hawaifikirii sana. HDD inachukia mtikisiko. Mtu anafunga kifuniko bila kuzima, anaitia mashine kwenye begi, anapanda bodaboda kutoka shuleni hadi barabara ya lami, na ikiwa sahani bado inazunguka, kila shimo la njia ni hatari kwake. Kisha umeme unakatika ghafla, betri haishiki chaji, na sahani inasimama katikati ya kuandika. Miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo iliishi kwa umeme wa jenereta za dizeli. Sasa maporomoko ya Rusumo yanafua megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini umeme kukatika bado tunakujua. SSD inavumilia barabara zetu kuliko HDD. Mpaka utakapoipata, zima mashine kabisa kabla ya safari.

Kabla hujaagiza, toa kifuniko cha chini, piga picha ya vibandiko vya diski na vya RAM kwa simu, mtumie muuzaji picha hizo. Mashine nyingi za zamani hutumia diski ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA. Nyingine hupokea kijiti chembamba cha M.2. RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na katika mashine nyingine nyembamba RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi na haiongezeki. Picha moja inakuepusha na kulipia mzigo wa basi mara mbili. Na ukitangaziwa SSD ya ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa, iache. Kuna diski bandia zinazoonyesha ukubwa wa uongo, na zikijaa zinafuta kazi yako.

Kuhusu RAM nitasema kwa kifupi: GB 4 ni kujibana, GB 8 ni kupumua. Ukiwa na SSD na GB 8, kompyuta yako ya zamani itafanya kila kazi niliyoitaja hapo juu.

Jambo moja usilifanyie haraka. Kabla ya kuitoa diski ya zamani, nakili kila faili lenye thamani kwako: mitihani, hesabu, picha za harusi, vyeti ulivyoskani. Nakili kwenye flashi au diski ya nje, kisha fungua nakala hizo kwenye mashine nyingine uhakikishe zinasomeka. Diski inayotoa mlio wa kugonga gonga iko ukingoni, na kila dakika unayoiwasha kwa kazi nyingine ni dakika umeinyima nafasi ya kukurudishia kumbukumbu zako. Zikishakuwa salama, zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shika kitu cha chuma ili kuondoa umemetuli mwilini, panga skrubu juu ya karatasi kwa mpangilio ulioutolea. Kazi yenyewe haifiki saa moja. Mtu anayeweza kubadilisha betri ya redio au kufunga mnyororo wa baiskeli ana mikono ya kutosha kwa hili.

Sasa vumbi. Anayekaa kando ya barabara ya changarawe wilaya hizi mbili anajua kiangazi cha Juni hadi Agosti kinavyopaka kila kitu rangi nyekundu, na feni ya kompyuta inavuta rangi hiyo ndani siku nzima. Nyuma ya feni kuna mapezi membamba ya chuma yanayotoa joto, na vumbi likichanganyika na nyuzi za nguo linatengeneza zulia zima hapo. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100, inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mwenye mashine anaona uzito tu, anasema ni uzee. Ifungue, ishike feni kwa kidole isizunguke, pitisha brashi laini, puliza kwa blowa ya mkono, lifute zulia lile. Kama mashine ina miaka mingi haijaguswa, mwambie fundi aondoe pesti kavu kati ya prosesa na chuma cha kupooza, apake mpya. Na usiiweke kitandani wala juu ya mto ukifanya kazi. Matundu ya hewa yako chini.

Chaja nayo husababisha uzito ambao wachache huushuku. Baadhi ya kompyuta, Dell zikiwemo, zikishindwa kuitambua chaja hujishusha kasi kwa makusudi. Mtu alinunua chaja ya bei nafuu stendi, tangu siku hiyo mashine ikawa nzito, naye anailaumu Windows. Kama ikiwaka inakuonya kwamba chaja haitambuliki, amini onyo hilo na tafuta inayofaa. Betri iliyovimba, inayoinua kibodi au kifuniko, itoe mara moja na usiichome wala kuitoboa.

Upande wa programu, kazi ni ya jioni moja. Ndani ya Task Manager kuna orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe. Zima zote usizozihitaji asubuhi. Usiweke antivirusi mbili, kwa maana zinakaguana na kugombania diski. Ile iliyomo ndani ya Windows inatosha ukiiruhusu ijisasishe. Acha angalau sehemu moja ya tano ya diski ikiwa tupu, na muziki na filamu zihamie kwenye diski ya nje. Jihadhari na programu zinazotangaza kwamba zitaongeza kasi kwa kubofya mara moja. Nyingi ni mzigo mpya juu ya mzigo. Na unapotumia bando la simu, iambie Windows kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, ili masasisho yasivute megabaiti zako na pumzi ya mashine wakati unajaza fomu.

Flashi inastahili aya yake. Mwalimu anapeleka mtihani steshenari kuchapa, flashi inaingia kwenye kompyuta iliyopokea flashi za mji mzima, inarudi nyumbani na kirusi kile kinachoficha folda zako na kuweka njia za mkato mahali pake. Kuanzia hapo kompyuta ina mpangaji asiyelipa kodi, anayekula prosesa usiku na mchana. Tuma kazi kwa barua pepe inapowezekana, au geuza iwe PDF na uiweke kwenye flashi ya kuchapia tu isiyobeba kitu kingine. Inaporudi, ikague kabla ya kuifungua.

Huenda unajiuliza kuhusu Windows yenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 rasmi inakataa mashine nyingi za zamani, hasa zenye prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Wengi wameambiwa kwamba hapo ndipo mwisho. Mafundi wengine watakupigia windo ya kukraki, ambayo haipati ulinzi wa uhakika na mara nyingi imekuja na virusi ndani. Ipo njia safi, nayo ni bure. Ni Linux, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows, ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, na juu ya Ubuntu imejengwa Linux Mint, inayofanya kazi vizuri kwenye mashine yenye RAM ya GB 4. Mwaka huohuo wa 2004 hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili. Tulikuwa miongoni mwa waliojenga, na ni haki yetu kutumia.

Linux Mint unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, unaijaribu siku nzima kabla ya kufuta chochote. LibreOffice, programu ya ofisini iliyomo humo, inafungua faili za Word na Excel, ingawa mpangilio wa jedwali gumu unaweza kusogea, kwa hiyo jaribu faili zako halisi kwanza. Mifumo mingi ya serikali inafunguliwa kwenye kivinjari, na kivinjari cha Firefox kipo humo. Kama kazi yako inategemea programu maalumu ya Windows, baki na Windows na uweke SSD. Kama haitegemei, una miaka mingine mbele yako bila kununua leseni.

Nageukia vijana. Lusahunga, Nyakanazi, Benaco na Rusumo ni vituo vya malori usiku na mchana. Daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa na Marais Magufuli na Kagame tarehe 6 Aprili 2016, na pale kuna mawakala wa forodha ambao kompyuta ikisimama, lori linasimama. Kuna shule, zahanati, hospitali za Murgwanza na Rulenge, vyama vya ushirika, makanisa, misikiti, steshenari. Watu wote hao wanatuma mashine zao mbali au wanazitupa. Dada, kaka, huhitaji fremu ya duka kuanza. Unahitaji seti ya bisibisi ndogo, brashi, pesti, flashi mbili na simu ya kujisomea. Anza na mashine ya nyumbani, kisha ya shangazi, kisha ya mwalimu wako wa zamani. Pima muda wa kuwaka kabla na baada, mwonyeshe mteja kwa saa yake mwenyewe. Picha na barua zake usizifungue, usizinakili, na diski yake ya zamani mrudishie mkononi. Ukilishika hilo, jina lako litafika Biharamulo mjini kabla yako.

Na wewe mkuu wa shule, au mtendaji mwenye stoo yenye mashine zilizopangwa ukutani: mali ya umma ina namba na ina taratibu, kwa hiyo andika barua kwa Afisa TEHAMA wa halmashauri wiki hii, omba kibali zikaguliwe moja moja. Ambayo kioo chake kimekufa inaweza kutoa RAM kwa mwenzake. Ambayo diski imekufa inaweza kuwashwa kwa Linux kutoka kwenye flashi na wanafunzi wakajifunzia kuandika. Katika mashine kumi zilizolala, ukipata nne zinazosimama, umefungua chumba cha kompyuta bila kusubiri mfadhili. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Baadhi ya zilizobaki huishia mashimoni na kwenye moto wa nyuma ya majengo, na moshi wake wanauvuta watoto waliotakiwa kuzitumia.

Jumamosi hii, ukishafua na kabla ya kwenda sokoni, shusha ile mashine kabatini. Ifute, iwashe, bonyeza vile vitufe vitatu, andika asilimia unazoziona kwenye karatasi. Diski ikiwa ndiyo kikwazo, piga picha ya kibandiko na uulize bei kwa wauzaji wawili. SSD ikishaingia, ile HDD kama bado nzima iwekee kasha la USB, uhifadhi humo mitihani ya miaka yote na nakala za vyeti vya familia. Halafu mwite jirani alete ya kwake, mfungue pamoja.